Nani Kasema Wanawake wa Nairobi Wamegoma Kuzaa?

Ukikaa kwa kinyozi yeyote kati ya Westlands na Uthiru, maongezi yakishamaliza mpira na siasa hufika kwa wanawake. Siku hizi wamepewa kosa jipya: hawazai. Mmoja ameona kwenye simu kwamba Korea Kusini shule zinafungwa kwa kukosa watoto. Wa pili anasema nasi tuko njia hiyohiyo. Wa tatu anaapa kwamba ghorofa za Kileleshwa zina mbwa wengi kuliko watoto. Maneno hayo utayasikia pia ndani ya matatu ya Kangemi ikisubiri kujaa pale Odeon, utayasikia mimbarini, na utayapokea kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambako shangazi huyasambaza kabla hajayasoma. Mengi hayana kichwa wala miguu. Machache yana ukweli ndani yake, ila umewekwa mahali pasipo pake. Nayajibu moja baada ya jingine.

Kwanza kipimo chenyewe, maana wengi wanaozozana hawajakitazama. Kiwango cha uzazi ni wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa maishani iwapo wanawake wa kila umri wangeendelea kuzaa kama wanavyozaa sasa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, ule unaojulikana kama KDHS na kusimamiwa na Shirika la Takwimu la Taifa, uliipa Kenya 3.4. Nairobi ilipata 2.5, chini kuliko kaunti nyingine zote 46. Mandera, iliyo juu kabisa, ilipata 7.7. Kizazi huhitaji karibu 2.1 ili kijirudishie idadi yake. Kwa hiyo hata mji wetu unaolaumiwa bado uko juu ya mstari huo, mbali sana na Korea Kusini, iliyofika 0.72 mwaka 2023.

"Ni wasichana wa kizazi hiki"

Hili ndilo dai linalopendwa kuliko yote. Mshtakiwa anajulikana kwa sura: ana miaka ishirini na kitu, amesoma, anaishi bedsita Mountain View au amegawana nyumba na mwenzake Kilimani, ana kucha ndefu na simu isiyotoka mkononi. Wanasema TikTok imemharibu na shahada imempa kiburi, na kwamba ndiye aliyeangusha uzazi wa jiji.

Sasa tazama rekodi ya tafiti hizohizo za KDHS kwa Nairobi peke yake. Mwaka 1998, 2.6. Mwaka 2003, 2.7. Mwaka 2008-09, 2.8. Mwaka 2014, 2.7. Mwaka 2022, 2.5. Kwa karibu robo karne uzazi wa Nairobi umepanda kidogo na kushuka kidogo, ukabaki palepale. Msichana aliyekuwa na miaka 24 mwaka 2022 alizaliwa mwaka 1998, na siku anazaliwa jiji lilikuwa limeshaamua bila kumuuliza. Walioamua ni mama yake na shangazi zake, wale waliokuja mjini miaka ya 1970 na 1980 wakapata kazi za ofisini, ualimu, uuguzi na biashara ya soko, wakahesabu, wakasimama kwenye mtoto wa pili au wa tatu. Ukimpata mzee anayemlaumu binti huyo, muulize yeye mwenyewe amelea wangapi, na baba yake alilea wangapi. Mara nyingi shtaka huishia hapo.

Na kishindo kikubwa nchini kilitokea wakati ambao simu za mkononi zilikuwa hazijaenea. Kati ya utafiti wa 1989 na ule wa 1993, kiwango cha Kenya kilishuka kutoka 6.7 hadi 5.4. Kilishuka zaidi ya mtoto mzima ndani ya miaka minne, wakati televisheni ilikuwa KBC na KTN ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Tangu 1998 nchi nzima imetoka 4.7 hadi 3.4 huku Nairobi ikikaa palepale. Anayetafuta mabadiliko ya kizazi hiki ayatafute Murang'a, Bungoma na Machakos, kule ambako vijijini wanaufuata mji. Hapa mjini amechelewa kuja.

Kuhusu kiburi cha shahada: utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa mwanamke aliyesoma kupita sekondari ana wastani wa watoto 2.8, na asiyesoma kabisa 6.3. Tofauti ni kubwa, nakubali. Lakini watoto 2.8 ni karibu watatu, na sijui ni mgomo gani ambao mgomaji anazaa watatu.

"Ilikuwa chanjo"

Mwaka 2014 Maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa na homoni ya kuwafanya wasishike mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikana. Mwaka 2017 mwanasiasa Raila Odinga aliyarudia madai hayo hadharani, na tangu hapo hayajafa. Hufufuka kila inapokuja kampeni yoyote ya sindano.

Sitaingia kwenye maabara, kwa sababu hakuna haja. Dai hili linaweza kupimwa kwa kalenda tu. Kama chanjo ya 2013 na 2014 ndiyo iliyofunga vizazi, uzazi ungeanguka baada ya hapo. Ulikuwa 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022, yaani umeshuka nusu mtoto kwa miaka minane. Linganisha na ule mwanguko wa 1989 hadi 1993. Kasi baada ya chanjo ni ndogo kuliko ile ya miaka ishirini kabla yake, na sijawahi kuona sumu inayofanya kazi kabla ya kunywewa. Tena akina mama wajawazito wamechomwa chanjo ya pepopunda kliniki kwa miongo mingi, wakarudi kwa mimba ya pili na ya tatu, wakachomwa tena.

Ubaya wa dai hili si kwamba ni la uongo tu. Pepopunda huua kichanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu, na mama anayeikimbia sindano kwa hofu ya kukosa mtoto anaweza kumpoteza yule aliye naye.

"Vijiti na sindano vimeharibu vizazi"

Binamu wa dai la chanjo ni huyu. Wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za kupanga uzazi walikuwa asilimia 57 mwaka 2022, na njia zinazoongoza ni sindano na kijiti cha mkononi. Ni kweli kwamba baada ya sindano ya miezi mitatu mwili unaweza kuchukua miezi kadhaa, hata karibu mwaka, kabla ya kushika mimba. Wauguzi wengi hawalielezi hilo vya kutosha, na hapo ndipo uvumi huzaliwa. Lakini kuchelewa si kufungwa. Kijiti kikitolewa, uwezo hurudi upesi. Kinachofunga mirija mara nyingi ni magonjwa ya zinaa yaliyoachwa bila tiba, na katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kutafuta mtoto mwanamume naye ana sehemu yake, ingawa ni nadra kumwona kwenye foleni ya vipimo. Nairobi ina kliniki za kupandikiza mimba, na watoto wa kwanza wa Kenya waliopatikana kwa njia hiyo walizaliwa mwaka 2006. Wanaozihitaji wanastahili huruma na bei nafuu. Hawakuiangusha takwimu ya jiji.

"Mwafrika asili yake ni watoto wengi"

Asili ipi? Utafiti wa uzazi wa 1977-78 uliipa Kenya 8.1, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani, na namba hiyo imekaa vichwani mwa watu kana kwamba ndivyo tulivyokuwa tangu enzi za mababu. Hesabu za sensa za 1948 na 1962 zinaonyesha kiwango kisichofika 7. Kilipanda. Zamani mama alinyonyesha miaka miwili au zaidi, na katika jamii nyingi hakurudi kitandani kwa mumewe hadi mtoto atembee. Mama aliyebeba mimba wakati bado ananyonyesha alisemwa. Mila hizo zilipolegea, chupa ya maziwa ikaingia na zahanati zikaongezeka, watoto walianza kufuatana. Kwa hiyo ile familia ya watoto wanane wa miaka ya 1970 tunayoiita mila ilikuwa jambo la kisasa, na ilidumu kizazi kimoja tu.

Wazee wetu pia walizaa wengi kwa sababu waliwazika wengi. Sababu hiyo ndiyo isiyotajwa kabisa kwa kinyozi, na ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Mwaka 2003, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 41. Mzazi anayejua kwamba wawili wake wataishi hana haja ya kuzaa wa akiba. Ushahidi unaonekana hata pale mambo yalipoenda mrama. Miaka ya 1990 UKIMWI ulipopamba moto na huduma zikadorora, vifo vya watoto viliongezeka, kutoka 90 hivi mwaka 1989 hadi hao 115. Pesa za wafadhili zilihama kutoka kupanga uzazi kwenda kupambana na virusi, na dawa za kupanga uzazi zikaadimika kwenye zahanati. Kilichofuata ni kwamba kushuka kwa uzazi kulisimama: 4.7 mwaka 1998, 4.9 mwaka 2003. Watoto walipoanza tena kuishi na dawa zikarudi, namba nayo ikarudi kushuka.

Wala hatukuletewa jambo hili usiku na mgeni. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, kabla ya nchi nyingine yoyote kusini mwa Sahara, na kwa zaidi ya miaka kumi karibu hakuna aliyeujali. Wanawake walipoulizwa mwishoni mwa miaka ya 1970 wangependa watoto wangapi, walitaja zaidi ya saba. Kufikia 1993 walitaja chini ya wanne. Kliniki zilikuwapo muda wote huo. Kilichobadilika ni nia, na nia ilibadilika pale karo, ardhi inayogawanywa hadi kuwa kipande cha bustani, na watoto wanaoishi vilipokutana ndani ya nyumba moja.

"Huu ni ugonjwa wa matajiri"

Upande wa magharibi wa jiji ni mahali pazuri pa kulijaribu dai hili, kwa sababu hapa tajiri na maskini wametenganishwa na ukuta tu. Lavington inagusana na Kawangware. Ukishuka kutoka Loresho unatua Kangemi. Picha iliyo kichwani mwa watu ni rahisi: huku mtoto mmoja na mbwa wawili, kule watoto sita kwenye chumba cha mabati.

Ni kweli kwamba kitaifa maskini wanazaa zaidi: 5.3 kwa tabaka la chini kabisa na 2.7 kwa la juu, kwa takwimu za 2022. Lakini tabaka hilo la chini limejaa zaidi kule Turkana, Pokot Magharibi na Mandera. Mama wa Kawangware si mama wa Turkana. Tafiti zilizofanywa kwa miaka mingi katika mitaa ya mabanda ya Nairobi zimeonyesha uzazi ulio juu ya wastani wa jiji lakini chini ya ule wa vijijini. Sensa ya 2019 ilikuta kaya ya Nairobi ina wastani wa watu 2.9, wakati ya nchi ina 3.9, na kaya nyingi za jiji haziko Lavington. Anayelipa kodi ya chumba kimoja, anayenunua maji kwa mtungi na kumlipa jirani amkalie mtoto mchana anafanya hesabu ileile ya mtu wa Kileleshwa, tena kwa ukali zaidi kwa sababu hana pa kuteleza.

Anayedhani ni utajiri tu unaopunguza watoto aangalie Addis Ababa. Jiji hilo lilikuwa chini ya watoto wawili kwa mwanamke tangu utafiti wa mwaka 2000, na mwaka 2005 lilifika 1.4, wakati Ethiopia nzima ilikuwa juu ya 5. Hakukuwa na utajiri. Vijana walikosa kazi, walikosa nyumba, wakaahirisha ndoa, na wengi wakaendelea kuishi kwa wazazi wao. Kufikia 2016 kiwango kilikuwa kimepanda kidogo, 1.8. Addis inatufundisha zaidi kuliko Seoul, nayo iko umbali wa saa mbili kwa ndege. Lakini habari zake hazichekeshi kwenye simu.

"Tutakuwa kama Korea"

Hapa hofu ina msingi kidogo, kwa hiyo nitakaa nayo. Korea Kusini ilikuwa na uzazi wa karibu 6 mwaka 1960 na ikavuka mstari wa 2.1 kwenda chini mwaka 1983. Ilitumia miaka 23 kwa safari ambayo Kenya, tangu 8.1 ya 1977-78, haijaimaliza kwa miaka 44. Mwaka 2023 Seoul yenyewe ilikuwa 0.55. Sababu zinazotajwa huko zinafanana na za hapa: bei ya nyumba, saa ndefu za kazi, na masomo ya ziada ya jioni ambayo mzazi hulipia ili mwanawe asiachwe nyuma. Sisi nasi tuna tuisheni. Ya likizoni ilipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na inaendelea kwa jina jingine.

Ila kuna tofauti moja inayobadilisha kila kitu. Korea mtoto hupitia mlango wa ndoa. Mwaka 2023, kati ya watoto 100 waliozaliwa huko, hawakufika watano waliozaliwa nje ya ndoa. Ghorofa ya Seoul isiponunulika, harusi haifungwi, na harusi isipofungwa, mtoto haji. Nairobi mtoto huja, ndoa ikifuata ni heri, isipofuata maisha yanaendelea. Hata Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inawabebesha baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Kwa maoni yangu ndiyo maana gharama za Nairobi hazimzuii mtoto wa kwanza. Zinamzuia wa tatu, na siku hizi zimeanza kumgusa wa pili. Jiji lililokaa kati ya 2.5 na 2.8 kwa miaka 24 halikimbilii 0.7.

Na wanaosema tukifika huko serikali itatoa pesa na watu watazaa, waiulize Singapore. Miaka ya 1970 serikali yake iliwahimiza watu waishie wawili. Mwaka 1987 ikageuka na kuwaomba wenye uwezo wazae watatu au zaidi, na tangu 2001 inatoa bonasi ya fedha kwa mzazi. Mwaka 2023 kiwango kilikuwa 0.97.

"Tutakosa kura"

Hili hutoka kwa wanasiasa wanaoihofia idadi ya wapinzani. Jibu ni fupi. Anayetaka uzazi uongezeke ili apate debe lililojaa baada ya miaka 18 aseme kwanza atalipa karo ya nani kwa hiyo miaka 18. Isitoshe, Nairobi haiishiwi na watu. Sensa ya 2009 ilihesabu milioni 3.1, ya 2019 milioni 4.4, na wengi walikuja kwa basi.

Baada ya kuyaondoa hayo yote, kinabaki nini? Kinabaki kwamba serikali ya Kenya yenyewe, katika sera yake ya idadi ya watu ya 2012, iliandika kwamba inataka nchi ifike 2.6 ifikapo 2030. Nairobi ilifika hapo 1998. Wanawake wanaolaumiwa mimbarini walitimiza lengo la taifa miaka 14 kabla halijaandikwa.

Yanabaki pia matatizo mawili ambayo kelele hizi huyafunika. La kwanza ni wale wanaozaa kabla ya kutaka: mwaka 2022, asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshapata mimba. La pili ni wale wanaotaka mtoto mwingine na hawawezi kumbeba pamoja na kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili. Wizara ya Afya inamwambia mama huyohuyo amnyonyeshe mtoto miezi sita bila kumpa kitu kingine. Miezi mitatu inayobaki anaitoa wapi? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, lakini mama wa Kangemi anayeuza dukani River Road hatakiona. Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa yaya jijini kiliwekwa kuwa Sh16,113 kwa mwezi, na ni haki yake. Ila mwajiri wake, muuzaji wa dukani au karani mdogo, mara nyingi hana mshahara unaobeba mshahara mwingine ndani yake. Kituo cha umma cha kulelea watoto mchana karibu na steji ya matatu, chenye ada anayoimudu, ni vigumu kukipata.

Wabunge wanaolia kwamba tunaisha waanze na muswada wa likizo ya miezi sita yenye malipo yanayochangiwa na hazina ya umma ili mwajiri mdogo asikimbie kuajiri wanawake. Kaunti ya Nairobi, inayojenga masoko mapya, iweke chumba cha watoto ndani ya kila soko. Hadi hapo wanawake wa jiji hili hawadaiwi na mtu.